Tengeneza mwenyewe kabati la vitabu lisiloinama

Kabla hujagusa msumeno, vipange vitabu vyako sakafuni. Virefu upande mmoja, vifupi upande mwingine, na vile vikubwa vya picha au ramani viwe peke yake. Chukua tepu upime kimo cha kitabu kirefu kuliko vyote katika kila kundi, upana wake kutoka mgongoni hadi ukingoni, kisha urefu wa safu nzima vitabu vikiwa vimesimama. Andika namba hizo kwenye kipande cha ubao na ukiweke karibu mpaka kazi iishe. Wengi wanaonijia kujifunza huanza kwa kuuliza mti gani na vanishi gani. Mimi huwarudisha kwenye vitabu, kwa sababu vitabu ndivyo vinavyoamua kila kipimo.

Na jambo la kwanza vinaloamua ni urefu wa rafu. Mita moja ya rafu iliyojaa hubeba kilo 20 hadi 40, kutegemea aina ya karatasi, na mzigo huo haushuki hata siku moja. Ubao unaobeba uzito bila kupumzika huinama polepole, na ukishainama miaka miwili mitatu haurudi tena hata ukiupunguzia mzigo. Ukirefusha rafu mara 2 na kuijaza vitabu vilevile, mnepo wake, yaani kiasi inachoinama, unakuwa mara 16. Hata kutoka sm 70 kwenda sm 90 tu, mnepo huongezeka zaidi ya mara 2 na nusu. Unene nao una nguvu yake: ubao wa mm 25 ni mgumu karibu mara 2 ya ule wa mm 20 wa mti huohuo. Kwa hiyo kwa ubao wa mm 20 sivuki sm 75 kati ya ubavu na ubavu, yaani zile mbao mbili za wima za pembeni, na kwa chipbodi ninaishia sm 60. Anayetaka kabati pana zaidi aweke ubavu wa katikati, au agundishe chini ya ukingo wa mbele wa kila rafu kipande cha mm 20 kwa mm 40, kikiwa kimesimama kwa wima. Kipande hicho kidogo hukaza rafu kuliko mtu anavyodhani.

Kabati ninalomwanzishia mtu lina kimo cha sm 110, upana wa sm 74 nje kwa nje, na kina cha sm 25. Kina hicho kinatosha. Karatasi ya A4 ina upana wa sm 21, na vitabu vingi vya hadithi havifiki sm 16. Rafu yenye kina cha sm 35 humshawishi mtu apange safu mbili, na kitabu kilichokaa safu ya nyuma ni kama hukinacho.

Kwa mbao za unene wa mm 20, vipande ni hivi:

mbavu 2, kila mmoja sm 108 kwa sm 25;
rafu 3, kila moja sm 71.2 kwa sm 25;
ubao wa juu 1, sm 74 kwa sm 25;
ubao wa chini mbele, unaoziba nafasi iliyo chini ya rafu ya kwanza, sm 70 kwa sm 7;
plaiwudi ya mm 6 kwa ajili ya mgongo, sm 73.6 kwa sm 102.5.

Nafasi kati ya mbavu ni sm 70. Rafu imezidi kwa mm 12 kwa sababu kila ncha yake inaingia mm 6 ndani ya ubavu. Kutoka chini, upande wa chini wa rafu tatu unakaa kwenye sm 7, sm 44 na sm 77. Hapo unapata nafasi za sm 35, 31 na 29, kubwa ikiwa chini. Kama vitabu vyako vinadai vingine, badilisha, lakini acha sm 2 au 3 juu ya kitabu kirefu ili kidole kipate pa kuingia.

Kuchagua mbao

Usinunue kwa kuangalia uso wa ubao tu. Uinue, uweke jicho kwenye ncha moja na utazame ukingo wake mpaka ncha ya pili. Kama umepinda kama upinde, au umejikunja mpaka kona moja imenyanyuka, urudishe. Randa la mkono linaweza kunyoosha kidogo, lakini ubao uliojipinda kwa urefu wake wote utakusumbua kila hatua. Fundo dogo lililoshikana na mbao halina neno. Fundo jeusi linalocheza ukiligusa litadondoka, na likiwa katikati ya rafu litakuwa mahali pa kuvunjikia. Ukiona vitundu vidogo vyenye unga mpya unaomwagika, mdudu bado yumo ndani. Achana na ubao huo.

Ukavu ndio utakaokupa taabu usipoujua. Mbao husinyaa na kuvimba kwa upana wake, lakini kwa urefu wa nyuzi zake karibu haibadiliki. Ubao mbichi wa sm 25 unaweza kupoteza milimita kadhaa ukikauka ndani ya nyumba, na kama tayari umeufunga kila upande, utapasuka. Zilete mbao ndani, uzipange kwa kutenganisha kila moja na vijiti ili hewa ipite, uziache majuma mawili au zaidi. Njia ninayoipenda ya kujua kama zimekauka ni kupima kipande kimoja kwenye mizani na kuandika uzito kwenye ubao wenyewe. Uzito ukiendelea kushuka, subiri. Ukitulia, anza.

Mpangilio wa kabati hili unasaidia hapo. Nyuzi za mbavu zinakwenda juu, za rafu zinakwenda pembeni, lakini upana wa zote ni kina cha kabati. Zikivimba, zinavimba pamoja kwenda mbele na nyuma, hakuna anayemvuta mwenzake. Ndiyo sababu ninapenda umbo hili la kawaida kuliko mitindo mingi inayopendeza kwenye picha.

Kama hupati ubao wa sm 25, gundisha miwili ya sm 12.5 ukingo kwa ukingo. Piga randa kingo zake mpaka ukizikutanisha mbele ya dirisha usione mwanga katikati, paka gundi, kaza kwa klampu. Gundi nyeupe ya mbao ikishika vizuri hapo, ubao utapasuka pengine kabla ya kiungo kuachia. Lakini gundi hiyohiyo ukiipaka kwenye ncha ya ubao, pale nyuzi zinapoishia, huwa dhaifu, kwani ncha huinyonya. Hilo ndilo linalotupeleka kwenye mifuo, yaani mifereji inayochimbwa kwenye mbavu ili ncha za rafu ziingie humo.

Kwa nini mfuo

Mtu anaweza kuisimamisha rafu kati ya mbavu mbili, akapiga skrubu kutoka nje na kuona kazi imekwisha. Itasimama. Ila uzito wote wa vitabu utakuwa umening'inia kwenye skrubu nne zilizoingia kwenye ncha ya ubao, mahali ambapo skrubu hushika vibaya kuliko popote. Ukichimba mfuo wa mm 6 kwenye ubavu na kuingiza ncha ya rafu humo, rafu inakalia mbao. Skrubu inabaki na kazi nyepesi ya kuzuia mbavu zisiachane. Hata gundi ikichoka siku moja, vitabu havitaanguka.

Kwa kazi hii utahitaji msumeno wa mkono wenye meno madogo, patasi nyembamba kidogo kuliko mfuo, nyundo ya mti, skwea, kisu chenye ncha, tepu, drili, bisibisi, randa, na klampu nne ukiweza kuzipata. Patasi iwe kali kweli. Ijaribu kwenye ncha ya kipande cha mbao laini: ikitoa uso unaong'aa, iko tayari, ikiacha unga na michubuko, irudi kwenye jiwe la kunolea. Mzee aliyenifundisha hakuniruhusu kugusa ubao mpaka patasi yangu ipite mtihani huo, na mimi sasa ninamfanyia hivyo kila anayekuja kwangu. Patasi butu ndiyo inayokata mikono, kwa sababu inataka kusukumwa kwa nguvu.

Kuweka alama na kuchimba

Laza mbavu mbili kando kwa kando, nyuso za ndani zikitazama juu, ncha za chini zikiwa sawasawa kabisa. Andika "ndani" na "chini" kwa penseli kwenye kila mmoja. Halafu pima na uvute mistari ya rafu kupita mbavu zote mbili kwa mkupuo mmoja. Kosa la nusu milimita likiwa sawa pande zote mbili, rafu itakaa mlalo. Kila ubavu ukipimwa peke yake, rafu italala upande.

Mstari wa kwanza wa kila mfuo unatoka kwenye tepu. Wa pili usiupime kabisa. Chukua rafu yenyewe itakayokaa hapo, isimamishe kwenye mstari wa kwanza, na uchore ukingo wake wa pili kwa kisu. Ubao unaouzwa kama wa mm 20 unaweza kuwa wa mm 19 au 18 baada ya kupigwa randa, na majirani wawili kwenye rundo moja hawalingani. Andika A kwenye rafu na A kwenye mfuo wake, B na B, C na C. Zisibadilishane tena.

Sasa kisu. Penseli ina unene. Kisu kinakata nyuzi za juu na kuacha ukingo safi ambao ndio utakaoonekana maisha yote. Pitisha mara mbili tatu kando ya skwea. Kisha kwa patasi toa utepe mwembamba upande wa ndani wa mstari, uache kijiukingo ambacho msumeno utaegemea. Bana kipande cha ubao ulionyooka juu ya mstari kiwe mwongozo, bandika utepe wa karatasi kwenye bapa la msumeno mm 6 kutoka kwenye meno, na ukate mpaka utepe uguse mbao. Hakikisha meno yanakula upande wa takataka, yaani ndani ya mfuo. Kata ukuta wa pili vivyo hivyo, halafu ongeza mikato miwili katikati ili patasi ipate kazi rahisi.

Kuchimba kwenyewe: anza ukingo mmoja wa ubavu, chimba kuelekea katikati, halafu geuka uje kutoka ukingo wa pili. Ukipitiliza moja kwa moja mpaka ng'ambo, nyuzi za mwisho zitang'oka na kuacha pengo mbele ya kabati. Toa kidogo kidogo. Mara ya kwanza chini patakuwa na kilima katikati. Kishushe kwa patasi iliyolala karibu bapa. Kupima kina hakuhitaji tepu: chukua kipande cha ile plaiwudi ya mgongo, ambayo ni mm 6, ukilaze kwa ubapa ndani ya mfuo. Kikiwa sawa na uso wa ubavu kila mahali unapokisogeza, umefika.

Jaribu rafu. Inatakiwa iingie kwa kusukuma kwa mkono na kugongwa kidogo na ngumi. Ikigoma, usipanue mfuo. Piga randa upande wa chini wa rafu, kwenye ncha tu, maranda mawili matatu membamba, ujaribu tena. Mbao ikitoka kwenye rafu unaweza kuendelea kuirekebisha kidogo kidogo. Mfuo ukishapanuka umepanuka. Tumia muda wako hapa. Mifuo sita iliyokaa vizuri inafanya kazi iliyobaki iwe nyepesi.

Kuunganisha

Piga msasa nyuso za ndani kabla hujaunganisha chochote, kwani baadaye kona hazifikiki. Anza na namba 120, malizia na 180, daima ukienda na nyuzi. Msasa unaokatiza nyuzi huacha mikwaruzo ambayo vanishi huifanya ionekane zaidi. Usiguse sehemu zinazoingia kwenye mifuo, zitalegea.

Unganisha kabati zima bila gundi kwanza. Toboa matundu ya skrubu kutoka nje ya ubavu, mawili kwa kila ncha ya rafu, sm 4 kutoka kingo. Kwa skrubu ya mm 4 kwa 50 natoboa ubavu kwa mm 4, na rafu kwa mm 2.5 au 3 kulingana na ugumu wa mti. Bila tundu la kwanza, skrubu hupasua ncha ya ubao kama kabari. Panua mdomo wa tundu ili kichwa kizame.

Kila kitu kikikubali, fungua, paka gundi nyembamba ndani ya mifuo na kwenye ncha za rafu, rudisha, kaza klampu na skrubu. Ubao wa juu unakaa juu ya mbavu kwa gundi na skrubu tatu kila upande. Ule wa chini mbele unaingia chini ya rafu ya kwanza, umerudi ndani sm 1 hivi. Gundi iliyotoka ifute mara moja kwa kitambaa chenye maji. Ikikauka juu ya mbao, vanishi haitaingia hapo na utaona doa jeupe.

Kabla gundi haijashika, pima kutoka kona hadi kona kwa mshazari, halafu kona nyingine mbili. Namba zikilingana, kabati limenyooka. Zikitofautiana kwa mm 4, bana klampu kwenye zile kona mbili zenye mshazari mrefu na uzivute mpaka mshazari huo upungue mm 2, kwa kuwa mfupi utaongezeka mm 2 wakati huohuo. Hakikisha sakafu unayofanyia kazi iko sawa, tumia pimamaji.

Mgongo wa plaiwudi wanaoanza huuona kuwa pambo, na wengine huuacha ili kupunguza gharama. Bila mgongo, kabati ni ganda la kiberiti lililotolewa droo: ukilisukuma pembeni linalala. Plaiwudi iliyopigiliwa kila sm 10 kwenye mbavu, kwenye rafu zote na kwenye ubao wa juu ndiyo inayolizuia lisiyumbe. Ipigilie wakati mishazari imelingana na klampu bado zimebana, uanze na kona moja, upime tena, ndipo uendelee. Nimeikata pungufu mm 2 kila upande ili isionekane kutoka pembeni. Acha kazi nzima hadi kesho yake.

Kumalizia

Vunja ukali wa kingo zote za mbele kwa msasa, kidogo tu, mkono usikwaruzwe. Matundu ya skrubu yazibe kwa gundi iliyochanganywa na unga wa msumeno wa mbao hizohizo. Kisha vanishi, tabaka nyembamba mbili au tatu, ukipitisha msasa wa 240 kwa wepesi kati ya tabaka na tabaka. Tabaka nene moja hutiririka na hukauka juu tu.

Ukichagua mafuta ya kitani badala ya vanishi, angalia vitambaa ulivyotumia. Vikikunjwa na kutupwa pembeni, hupata joto vyenyewe vinapokauka na vinaweza kuwaka moto bila mtu kuvigusa. Vitandaze nje kimoja kimoja mpaka vikauke kabisa, au viloweke kwenye maji. Naomba hili ulichukulie kwa uzito wote.

Halafu ngoja. Vanishi isiyonata kidoleni bado haijakomaa, na vitabu vikiwekwa mapema majalada hugandamana na rafu na kuacha karatasi yake hapo. Juma moja ni la chini. Mwezi ni bora kwa vanishi ya mafuta, hasa kama hewa ina unyevu.

Wakati unangoja, funga kabati ukutani. Kipande cha chuma chenye umbo la L, kimoja kila upande chini ya ubao wa juu, kikishika ubao huo na ukuta kwa skrubu zinazofaa ukuta wako. Mtoto hupanda rafu kama ngazi, na kabati lililojaa likimwangukia halimpi nafasi. Acha kama sm 2 hadi 3 kati ya mgongo na ukuta unaopata unyevu ili hewa ipite, na skrubu za L ziwe ndefu za kutosha kuivuka nafasi hiyo, au weka kipande cha ubao katikati.

Unapopanga, anza na rafu ya chini, na vile vizito kabisa, kamusi na ramani, viende humo. Vitabu visimame wima na vibanane kiasi cha kuegemeana, lakini kimoja kiweze kuvutwa bila kuburura jirani yake. Baada ya miezi michache weka rula iliyonyooka chini ya kila rafu na utazame kama kuna mwanga unaopita pembeni. Ukiuona, rafu imeanza kuinama: geuza vitabu vizito vikae karibu na mbavu, au ongeza kile kipande cha mm 40 chini ya ukingo wa mbele. Kipake gundi, kibane kwa klampu tatu rafu ikiwa tupu, na ukiache mpaka kesho yake.